Siku Vijana Walipokabidhiwa Funguo za Kanisa

Serikali ya Kenya ilipofungua nyumba za ibada Julai 2020, baada ya kuzifunga tangu Machi kwa sababu ya korona, haikumfungulia kila mtu. Masharti ya Baraza la Dini Mbalimbali, lililoongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri, yalikuwa wazi: waumini wasizidi 100, ibada isipite saa moja, asiingie mtoto aliye chini ya miaka 13 wala mtu mzima aliyepita miaka 58. Mimi nilikuwa na miaka 57.

Kanisa letu ni la Kianglikana, upande wa Kisauni, Mombasa. Ukiwaondoa waliopita miaka 58 katika kanisa kama letu, umemwondoa karibu kila mwenye cheo. Kasisi wetu alikuwa amebakisha miaka michache astaafu. Mhazini, katibu wa baraza la parokia, mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama, mpiga kinanda, wasomaji, wazee wa sauti ya nne waliokuwa wakisimama pale kwenye nguzo ya kulia tangu mimi ni msichana: wote walitakiwa wabaki nyumbani. Barazani tulibaki mimi, kasisi msaidizi ambaye hata miaka 30 hajafika, na binti aliyekuwa katibu wa vijana.

Niseme kwanza mambo yalivyokuwa kabla ya hapo. Miaka yote niliyokaa kwenye baraza lile, habari ya vijana ilikuja mwisho wa kikao, chini ya "Mengineyo", watu wakiwa wameshaanza kutazama saa. Si kwamba hatukuwapenda. Tuliwabatiza, tukawafundisha kipaimara, na askofu akija kuwawekea mikono tuliwapigia vigelegele mpaka koo zikakauka. Kisha wakimaliza kidato cha nne, huwaoni tena. Wengine walihamia makanisa ya kipentekoste kule Bamburi na Mtwapa, wengine hawakwenda popote. Baraza lilijitahidi kwa namna lilivyojua. Tukanunua gitaa. Tukaongeza ibada ya Kiingereza. Tukamwita mhubiri kijana kutoka Nairobi kwa wiki ya vijana, na wiki hiyo kanisa lilijaa, na wiki iliyofuata likarudi vilevile. Lile gitaa lenyewe lilifungiwa kabatini ofisini, na ufunguo wa kabati ukakaa kwa mhazini. Kijana akitaka kufanya mazoezi siku ya kazi, ilimbidi kwanza amtafute mzee nyumbani kwake, ampigie hodi, ajieleze. Naamini hapo ndipo tulipokuwa tukiwapoteza, kwenye ule mlango wa kabati, kuliko kwenye aina ya nyimbo.

Tarehe 6 Julai, siku ya Jumatatu, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba nyumba za ibada zitafunguliwa kwa awamu, na siku hiyohiyo akaondoa zuio la kuingia na kutoka Mombasa, lililokuwapo tangu Aprili. Jioni kasisi akanipigia simu.

"Mwalimu," akasema, "mimi siruhusiwi kuingia. Funguo nitampa katibu wa vijana."

"Zote, Baba?"

"Zote. Hata ule wa kabati."

Hakueleza zaidi, nami sikumwuliza. Kesho yake nilimwona yule binti akipita barabarani na kile kitita cha funguo ambacho sote tulikijua kwa mlio wake.

Vijana hao walikuwepo, na kuwepo kwao kulikuwa na sababu chungu. Hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu zilikuwa zimefunga milango. Ndege za abiria kutoka nje zilikuwa bado hazijaruhusiwa. Ziliruhusiwa Agosti mosi. Waliokuwa wahudumu, wapishi na wafua mashuka walirudi kukaa kwa wazazi wao bila mshahara, na wanafunzi nao walikuwa nyumbani, maana shule zilifungwa tangu Machi. Mmoja wao alikuwa fundi wa sauti katika hoteli moja ya ufuoni, kazi yake kupanga spika na maikrofoni za bendi zinazowapigia wageni usiku. Kanisani alijulikana tu kama yule mtoto wa fulani anayefanya kazi ya disko. Sikumbuki hata mara moja mtu yeyote kwenye baraza akiuliza yule kijana anajua nini.

Jumamosi ya tarehe 18 alikuja na boksi la nyaya. Mimi nilikuwa nikiwasaidia wasichana kubandika utepe kwenye mabenchi, watu wawili kila benchi, mmoja huku na mwingine kule. Akapiga magoti nyuma ya spika ya kushoto, akaifungua kwa bisibisi, akanyamaza kwa muda.

"Mwalimu, hii imeacha kufanya kazi lini?"

"Siku nyingi. Tulijua imekufa."

"Haijafa. Waya umekatika hapa."

Akauchuna kwa wembe, akasokota nyuzi za shaba kwa vidole viwili, akafunga utepe mweusi. Akaenda mbele, akasema "moja, mbili", na sauti ikatoka upande wa kushoto. Mama yangu mzazi alikaa upande ule hadi alipofariki, na kila Jumapili tukirudi nyumbani alikuwa akiniuliza kasisi amesema nini. Nilisimama pale penye benchi lake na utepe mkononi, nikashindwa kuendelea kwa dakika kadhaa. Wale wasichana walidhani nimechoka, wakaniletea maji.

Simu ya katibu wa vijana ndiyo iliyokuwa kamera. Waliifunga kwa mpira kwenye stendi ya noti za kwaya, wakaielekeza mimbarini, ibada irushwe Facebook. Bando walichangishana wao kwa wao, shilingi hamsinihamsini. Hawakuleta barua ya maombi kwa mhazini, na hakuna aliyewaambia wasubiri kikao kijacho.

Asubuhi ya Jumapili, pipa la maji lenye bomba lilikuwa langoni pamoja na sabuni. Kijana mmoja alishika kipimajoto, mwingine daftari la majina na namba za simu. Watu walikuja kimya kimya, barakoa usoni, kila mmoja akimtazama mwenzake kama anayehesabu nani amebaki. Kisha nikamwona mzee wetu mpiga kengele akija na mkongojo wake, koti lake la bluu amelipiga pasi, Biblia kwapani.

Mzee huyu alikuwa amepita miaka sabini. Ukoo wake unatoka Frere Town, makazi ambayo wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS waliyaanzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na eneo la Kengeleni lina jina hilo kwa sababu ya kengele iliyotundikwa pale. Kwake yeye kupiga kengele ya kanisa ni urithi. Na aliyekuwa langoni na daftari alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ambaye sheria ilimtaka amzuie.

Nilianza kwenda langoni nimsaidie. Kijana akaniwahi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Leo wamefungua."

"Wamefungua, babu, lakini ndani hatujaruhusiwa kuingiza wazee. Wanawahofia nyinyi, ugonjwa huu unawapenda nyinyi."

Mzee akasimama. Hakusema neno. Akaliangalia kanisa, akaangalia mnara. Kijana akamwachia mwenzake daftari, akatoka na kiti, akakiweka chini ya mwarobaini nje ya ukuta, mbali na watu. Akampangusia kiti kwa mkono wake. Kisha akatoa simu yake mwenyewe, akafungua ibada, akamshikisha.

"Utaona kila kitu, babu. Na saa ikifika nitakuita kwa hii simu uniambie nipige kengele vipi. Mimi sijui."

Mzee akakaa. Saa tatu kasoro dakika tano nilimsikia akimwelekeza kutoka pale chini ya mti, kwa sauti ya juu hata hakuhitaji simu: "Usiivute kwa pupa! Ivute, iache irudi yenyewe, halafu ndiyo uivute!" Mapigo ya kwanza yalikuwa mabaya. Baadaye yakakaa sawa. Nakumbuka watu waliokuwa wameshaketi ndani wakiinua vichwa kwa yale mapigo ya kwanza.

Kasisi msaidizi aliongoza Sala ya Asubuhi. Alihubiri kwa muda mfupi sana kwa sababu ya ile saa moja, na alihubiri juu ya Yakobo, aliyelala njiani na jiwe kichwani, mahali pasipo hekalu wala kuhani, akaota ngazi, akaamka akitambua kwamba Mungu yupo pale naye hakujua. Sijasikia mahubiri yaliyofaa siku yake kuliko yale. Kisha akawaita vijana walioachishwa kazi wasimame, tukawaombea mahali walipo. Walikuwa wengi kuliko nilivyojua. Niliwaona wanafunzi wangu wa zamani wamesimama, wanaume wazima, mikono imefungwa mbele, na mmoja wao mabega yanamtikisika. Miaka yote tuliyokuwa tukijiuliza tufanye nini ili vijana waje, hatukuwa tumesimama kuombea jambo linalowanyima usingizi.

Sadaka ilipofika hapakupitishwa kikapu. Katibu wa vijana alisimama na bango lenye namba ya M-Pesa. Wazo hilo vijana walikuwa wamelileta barazani zamani, likaahirishwa kwa kuwa wengine waliona si heshima kumtolea Mungu kwa simu. Mwaka ule Safaricom ilikuwa imeondoa ada kwa anayetuma hadi shilingi 1,000, watu wapunguze kushikana noti, na sadaka ilianza kuingia hata kutoka kwa watu waliokuwa Doha na Dubai. Walikuwa wakiitazama ibada na kuandika majina ya mama zao huku chini, wakiomba mtu awasalimie.

Nilidhani ibada ikiisha kazi imeisha. Nikataka kufunga madirisha, nikakuta vijana wameketi kwenye ngazi, nafasi baina ya mmoja na mwingine, na daftari jingine. Humo walikuwa wameandika majina ya wazee wote wa parokia waliozuiliwa, wakagawana, kila kijana na wazee wake. Wakaanza kuwapigia mmoja mmoja. Ibada umeiona, bibi? Umekula? Dawa ya presha ipo? Bibi mmoja alikuwa amekaa siku kadhaa bila dawa kwa sababu anayemnunulia alikwama Malindi. Wawili wakaondoka palepale kwenda duka la dawa. Mwingine alibaki na mwenyekiti wetu wa Umoja wa Akina Mama kwenye simu muda mrefu, akimwelekeza namna ya kufungua Facebook, kwa subira ambayo mimi mwalimu niliionea wivu. Masomo ya watoto wa Shule ya Jumapili, ambao nao walizuiliwa, waliyarekodi wakawatumia wazazi kwa WhatsApp.

Hakuna mtu aliyewapangia hayo. Kasisi aliwapa funguo za jengo, na jambo la kwanza walilolifanya ni kutafuta walio nje.

Mwaka huo masharti yakaja kulegezwa, wazee wakarudi. Kurudi kwenyewe hakukuwa kwepesi. Katika kikao cha kwanza mhazini alisema, kwa nia njema, kwamba sasa vitu virudi mahali pake, na funguo zirudi kwake. Kukawa na mabishano ya kweli. Mimi nilisema funguo zibaki, na kasisi akasema hivyo hivyo, lakini aliyeamua jambo lile hakuwa mjumbe hata wa kikao. Mpiga kengele alikuwa amekaa nje akisubiri gari, mlango u wazi. Akasema kutoka pale nje kwamba yeye ameshapata mrithi wa kengele, alimpata siku ile alipozuiliwa, na hataki anyang'anywe. Tangu kikao hicho vijana wana viti viwili kwenye kamati ya fedha, na habari zao huja mwanzoni mwa ajenda. Si vijana wote waliorudi, na kanisa halikufurika. Waliobaki, lakini, wana kazi mikononi.

Hoteli zilipoanza kupokea wageni tena, yule fundi wa sauti aliitwa kazini, na zamu zake nyingi zikaangukia Jumapili. Kabla hajaondoka aliwafundisha wasichana watatu kila anachokijua kuhusu zile nyaya. Mmoja alikuwa kidato cha pili. Askofu alipokuja kwa kipaimara, alianza kuhubiri akiwa mbali na maikrofoni, na yule msichana akatoka kwenye mitambo yake, akapita katikati ya kanisa mbele ya wazee wote, akafika mbele, akainama kwa adabu.

"Baba Askofu, samahani. Isogeze karibu kidogo. Walio nyumbani hawakusikii."

Askofu akaisogeza.