Siku yangu moja Lushoto, baada ya kuaga ofisi za Posta

Watu wengi wananiuliza huko milimani unafanyaga nini siku nzima, kwahiyo nimeona niandike siku moja tu ya kazi, tarehe 19 mwezi wa saba, mtu asome aone mwenyewe. Kwa wasionijua nilikuwa mhasibu Dar, ofisi maeneo ya Posta katikati ya jiji, nyumbani Kimara. Sa hivi naishi na mume wangu Lushoto, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba mkwe njia ya kwenda Magamba. Watoto wakubwa, wako masomoni.

Saa 11 alfajiri. Giza na baridi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane huku ni kipupwe cha ukweli, tuko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, ukungu unafika mpaka mlangoni na mtu akiongea unaona moshi unamtoka mdomoni, hamna anayeamini ni mkoa wa Tanga huu huu. Kazi ya kwanza ni ng'ombe. Tunaye mmoja wa maziwa, chotara wa Friziani, na ng'ombe wa maziwa hana sikukuu wala hajali mwenye nyumba ana homa. Unachemsha maji, unamuosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, unamkausha kwa kitambaa safi, michirizi ya kwanza unaikamulia kwenye kikombe cheusi uangalie kama kuna mabongebonge maana hiyo ndo dalili ya ugonjwa wa kiwele, ndo unaanza kukamua. Saa lazima zilingane, alfajiri saa 11 na jioni saa 11, ukicheza na muda anapunguza maziwa. Na maji, jamani maji! Anayekamuliwa anaweza kunywa lita 60 na zaidi kwa siku, kwahiyo kabla hujafikiria kununua ng'ombe fikiria bomba.

Saa 12 na nusu mume wangu ameshatoka kwenda ndivani. Ndiva ni bwawa dogo la wakulima, maji ya kijito yanakusanywa usiku, asubuhi linafunguliwa, yanashuka na mfereji kwenda kwenye mashamba kwa zamu. Leo zamu yetu. Ukichelewa zamu yako imepita na hamna wa kumlalamikia, na ukiiba zamu ya mwenzio jina lako linaharibika bonde zima, halafu jina la huku halioshwi kwa kuhama mtaa kama Dar.

Saa 1 nabeba maziwa kwenda kituoni yanakokusanywa. Wanapima kwa spiriti waone kama yameanza kuharibika, na kwa laktomita waone kama yametiwa maji, wanaandika lita kwenye kitabu, dakika 2 umemaliza. Lakini mimi kituoni nakaa nusu saa, makusudi kabisa, kwasababu pale ndo unajua nani anaumwa, nani kafiwa, nani binti yake amejifungua. Leo nimesikia bibi jirani yetu wa chini hajatoka nje tangu juzi. Nikapitia kwake wakati wa kurudi. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, kumbe miguu imevimba kwa baridi, kuni ziko nje zimelowa. Nikamuwashia moto, nikamuachia lita moja ya maziwa, nikampigia mjukuu wake wa Korogwe. Saa 2 na nusu nikawa nyumbani. Miaka yote ile Kimara nilikuwa sijui hata jina la jirani wa ukuta wa pili, na hatukuwa watu wabaya, tulikuwa tunatoka giza tunarudi giza basi.

Saa 3 asubuhi naingia ofisini, yani meza ya dirishani. Hii sehemu nataka watu waielewe vizuri maana wengi wanaacha kazi wakidhani shamba litawalisha mwezi wa kwanza. Haliwalishi. Mimi bado natunza hesabu za wafanyabiashara wa Kariakoo, na kesho ni tarehe 20, mwisho wa kupeleka ritani ya VAT, yani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, ya mwezi uliopita, kwahiyo leo ni kazi nzito. Wananitumia picha za risiti za mashine usiku, asubuhi naziingiza moja moja, mauzo huku, manunuzi kule, asilimia 18 natoa. Saa 4 umeme ukakatika. Hilo nimeshalizoea, laptopu inakaa na chaji na simu natumia kama modemu, ila ukungu ukiwa mzito intaneti inakuwa nzito nayo, inabidi nipande pale juu kwenye mkaratusi nitume faili nikiwa nimesimama na kitenge mabegani. Saa 6 na nusu ritani mbili zimeenda, imebaki moja. Kipato hiki ndo kinalipa ada, shamba linalipa chakula na mashudu ya ng'ombe. Bila vyote viwili tusingedumu, nasema kwa moyo mmoja.

Saa 7 chakula, makande ya jana nimeyaunga na tui la nazi iliyotoka Tanga mjini. Hapo sina la kusema zaidi, baridi na makande vinapendana.

Saa 8 nikashuka shambani kumsaidia mume wangu kung'oa karoti. Shamba liko kwenye mteremko, kwahiyo kila baada ya hatua chache kuna mstari wa gwatemala, nyasi ndefu za malisho, uliokingama mteremko kushika udongo, na majani yake ndo chakula cha ng'ombe, ng'ombe anarudisha samadi, samadi inarudi kwenye karoti. Mzee wa shamba la pili, ambaye mume wangu anamuita baba mdogo, alikuja na jembe lake bila kuitwa. Akatuhadithia enzi ya Mwingereza, miaka ya 50, watu walivyolazimishwa kuchimba matuta milima hii mpaka wakagoma, maana ilikuwa kazi ngumu ya amri na faini na wao walikuwa wanajua mashamba yao. Halafu akasema gwatemala watu waliipanda wenyewe baadae, walipoona mifugo inakula. Nilimsikiliza nikaona hapa kuna elimu ambayo ofisini nisingeipata.

Saa 9 akaja dalali na gunia zake. Na hapa ndo roho yangu inauma kila msimu. Anataka lumbesa, yani gunia lijae, halafu liongezewe kichwa juu na kushonwa kwa kamba, unauza gunia moja kumbe umetoa gunia moja na theluthi. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa miaka mingi, kilo 100 ndo mwisho, lakini karoti ikishang'olewa haisubiri sheria, kesho kutwa imenyauka na dalali analijua hilo. Mimi niliuza kwa mizani yangu mwenyewe, nikamwambia kaka yangu, kilo kwa kilo au basi. Akanuna, akapima, akalipa. Mimi naweza kukataa kwasababu nina mshahara wa upande wa pili. Yule mama wa shamba la juu ana mtoto wa kupeleka shule na hana mizani, atakataaje? Tumeanza kuongea tununue mizani moja ya kundi, wakulima kumi na kitu, na tuuze pamoja.

Na hilo ndo lilikuwa ajenda ya saa 10 kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Tunakutana kwenye kibaraza cha mwenyekiti, kila mtu kwenye mkeka, sanduku katikati lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, halifunguki mpaka wote wawepo. Tunaanza na mfuko wa jamii, wa misiba na magonjwa, halafu hisa, halafu mikopo. Mwanzoni nilipojiunga walinipokea kwa heshima lakini kwa mbali, mgeni kutoka Dar. Kilichobadilisha sio uhasibu wangu. Kulikuwa na msiba masika iliyopita, mvua siku tatu, nikakaa na kina mama jikoni nikipepeta mchele na kulala kwenye mkeka kama wao, kesho yake wakaanza kuniita wifi. Mwezi uliofuata ndo wakanipa daftari la hesabu. Leo tumekubaliana mizani inunuliwe kwa mkopo wa kundi, tumepiga kura ya mikono, na yule mama wa shamba la juu ndo atakayeitunza nyumbani kwake. Nimefurahi mnoo.

Ikabidi nikimbie, saa 11 ng'ombe ananisubiri. Kukamua, majani, maji, kufunga kuku. Saa 1 usiku umeme upo, nikamalizia ritani ya mwisho na kuituma. Saa 2 watoto wakapiga video koli, mkubwa anataka kujua lini tunapunguza kahawa yenye maziwa mengi maana akija anaongezeka kilo.

Saa 3 usiku nikajibu meseji za wenzangu wa zamani. Wawili wanatafuta kiwanja huku, wanauliza bei. Nimewajibu hivi. Msije mwezi wa kwanza barabara ikiwa kavu, njooni mwezi wa nne mpande kutoka Mombo, kule chini ya mlima, mvua inanyesha, kona zile zote muone, halafu mrudi wa saba mlale usiku mmoja mjue baridi. Ulizeni maji kabla ya bei, chanzo kiko wapi na nani anagawa zamu. Ardhi ya kijiji msinunue kwa karatasi ya mtu na mtu, pitieni halmashauri ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka mkutano mkuu wa kijiji nao uridhie. Siku ya kupima mipaka hakikisheni majirani wa pande zote nne wapo, wasalimieni mmoja mmoja, na chakula mpike nyie.