Baraza yetu ya mbao Kigombe: fedha nyingi zilikwenda kwenye skrubu

Pwani mbao haifi upesi kama watu wanavyodhani. Kinachotangulia kufa ni chuma kinachoishika. Hilo nililiona kabla sijajenga, katika hoteli moja ya ufukweni iliyokuwa ikibomoa baraza yake ya mbao ili ijengwe upya. Mafundi hawakuhitaji hata mtaimbo. Mtu anainama, anashika ubao kwa mikono miwili, ubao unatoka wote. Nikaokota mmoja. Ulikuwa mninga, mzima kabisa. Ukiukwangua kwa kisu, ndani bado mwekundu. Lakini msumari wake ulikuwa umeliwa katikati, pale hasa ubao unapokutana na boriti, umebaki mwembamba kama sindano ya kushonea magunia. Kichwa kipo, ncha ipo, katikati hamna kitu, na tundu limezungukwa na doa jeusi.

Nikaamua kwamba bajeti yangu nitaipanga kinyume na nilivyoshauriwa na wengi. Wengi walisema nunua mbao nene, misumari ni misumari tu.

Nyumba yetu iko Kigombe, kwenye barabara ya Tanga kwenda Pangani, juu kidogo ya ufukwe. Nilitaka baraza ya mita 4 kwa 6 upande wa mashariki, mahali pa kukaa jioni na pa kuanikia nazi bila kugombana na mchanga. Jambo la kwanza lilikuwa umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, kwa hiyo nilipima kuanzia alama ya maji ya bamvua, si pale maji yalipokuwa mchana ule. Pwani hii bahari ikitoka inakwenda mbali mno. Ukipima wakati wa maji kupwa utajipa kiwanja ambacho si chako.

Mita 60 zinakuepusha na mawimbi tu, si na chumvi. Kusi likianza kuvuma baada ya masika, linabeba matone madogo kutoka kwenye mwamba yanakovunjikia mawimbi, linayapandisha mpaka sebuleni. Pitisha kidole kwenye kioo cha dirisha asubuhi kisha ukilambe. Na chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu hewani, kwa hiyo hata wiki isiyo na tone la mvua, chuma chako kinashinda kikiwa na utando wa maji ya chumvi.

Fundi niliyempata ni mzee aliyekulia kwenye kazi ya majahazi, akahamia milango na madirisha baada ya kazi ya vyombo kupungua. Tulianza kwa kubishana.

"Mwalimu, chukua mikoko. Dari za Pangani zote zimebebwa na boriti za mkoko."

"Na kibali, mzee?"

Akacheka. Mkoko hauvunwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na hata hivyo boriti za dari zile ziko ndani, hazinyeshewi. Nje, ukilowa leo na kukauka kesho mwaka mzima, ni habari nyingine. Mkongo ungefaa sana lakini bei yake ilinirudisha nyuma. Mvule safi haukupatikana kwa wakati ule isipokuwa vipande vifupi. Mbao za paini zenye dawa zilikuwa rahisi, nikazijaribu kwa njia ambayo mteja yeyote anaweza kuifanya: nilimwomba muuzaji akate kichwa cha ubao mmoja tuone. Ukijani ulikuwa ngozi ya juu tu, ndani nyeupe pe. Dawa iliyosukumwa kwa mgandamizo huingia ndani ya mti. Ile ya kupaka au kuchovya haiingii, na msumeno ukipita tu mchwa ameshafunguliwa mlango.

Tukaishia kwenye msaji. Wilaya ya Muheza ina shamba la miti la Longuza chini ya milima ya Amani, na misaji yake hupasuliwa humo humo wilayani, kwa hiyo usafiri si tatizo. Tatizo la msaji wa shamba ni weupe. Mti uliovunwa mchanga una sehemu kubwa ya nje yenye rangi ya maziwa, na sehemu hiyo haina sifa ile ambayo watu wanausifia msaji kwayo. Inaoza na kuliwa kama mbao nyingine yoyote. Kinachodumu ni kiini, ile kahawia ya dhahabu yenye mafuta ukiigusa. Nilikaa kwenye rundo na fundi tukageuza ubao mmoja mmoja. Wenye weupe upande mmoja tuliukubali ikiwa utachongwa ukaondoka. Wenye weupe pande zote mbili tuliuacha. Muuzaji hakupenda, lakini fedha ni yangu. Dai risiti na kibali cha kusafirisha mzigo, maana kwenye kizuizi cha barabarani hawatakuuliza unajenga nini.

Nilichagua mbao nyembamba za inchi 1 kwa 4. Ubao mpana unapendeza dukani, ukifika juani unapinda kingo zikasimama, maji yakakaa katikati. Tulizipanga kivulini na vijiti katikati ya kila tabaka ili upepo upite, zikae hapo mpaka ziache kupungua uzito.

Msingi ndio niliofikiria kuliko chochote. Desturi ni kumwaga nguzo za zege lenye nondo. Pwani nondo ni bomu. Chumvi inapenya kwenye zege taratibu, ikiifikia nondo inashika kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege linapasuka kutoka ndani. Ukitumia mchanga wa ufukweni, chumvi umeiingiza mwenyewe siku ya kwanza. Ukipita Tongoni, si mbali na kwetu, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya karne nyingi, mawe ya matumbawe na chokaa, na humo hamna chuma cha kushika kutu. Nguzo fupi inayobeba uzito wa kushuka tu, isiyozidi mita moja, haihitaji nondo. Tukajenga vinguzo vinene vya mawe ya matumbawe ya machimbo ya nchi kavu, saruji na mchanga wa mto, maji ya mvua. Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo. Ya kuoshea vyombo sawa, ya saruji hapana.

Juu ya kila kinguzo tuliweka kipande cha lile karatasi la lami linalotandikwa juu ya msingi kuzuia unyevu, ndipo likakaa gogo la msaji. Mti usiguse jiwe moja kwa moja, maana jiwe linanyonya maji na kuyashikilia. Katikati kimepita chuma kimoja cha stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu upesi, cha kuzuia baraza isinyanyuliwe na upepo. Uwazi wa chini tuliuacha mkubwa, kiasi cha mtoto kuingia akitambaa. Sababu ni mbili: hewa, na mchwa. Mchwa akipanda, anajenga njia yake ya udongo juu ya jiwe, na njia hiyo nataka niione kabla hajafika kwenye mti.

Sasa chuma. Dukani Tanga utaonyeshwa vitu vitatu. Kuna skrubu za kung'aa za njano au nyeupe, zimepakwa zinki nyembamba kwa umeme. Hizo ni za kabati la ndani. Kuna zilizochovywa kwenye zinki ya moto, rangi ya kijivu kilichofifia, zina mikwaruzo, hazipendezi. Hizo ni afadhali, ila karibu na bahari zinki inaisha mapema. Halafu kuna stenlesi, na hapo ndipo watu wanapoumia, kwa sababu stenlesi si moja. Ile ya kawaida, namba 304, ndiyo ya masinki na sufuria. Ya baharini ni 316, ambayo imeongezwa molibdeni, asilimia 2 hadi 3 hivi, nayo ndiyo inayoizuia chumvi isitoboe vijishimo. Kwa macho ziko sawa. Sumaku nayo haitakusaidia kuzitenganisha, ingawa kila kijana wa dukani atakutolea sumaku. Angalia kichwa cha bolti: A2 ni ile ya kawaida, A4 ni ya baharini. Skrubu ndogo hazina alama kila mara, kwa hiyo nilinunua tu zile zilizoandikwa kwenye boksi, nikaagiza Dar es Salaam baada ya kuzikosa huku. Zilikula karibu robo ya fedha zote. Mke wangu aliuliza kama ni za fedha.

Niliposema na boriti nazo zifungwe kwa A4, fundi aliona israfu. Kule chini hakuna anayeona, na hakunyeshewi. Hapo ndipo palipo na kiini cha jambo zima. Skrubu ya juu inaoshwa na mvua. Masika moja inaondoa chumvi ya miezi. Ya chini haioshwi kamwe. Chumvi inaingia na upepo, inatua, inabaki, inajazana. Ukiwa huna fedha ya kutosha kwa zote, anzia chini.

Tulipunguza pia idadi ya chuma. Badala ya kuning'iniza boriti kwenye viatu vya bati kila kiungo, boriti zimelala juu ya mihimili na kukatiwa pengo dogo zikae zenyewe, bolti moja inazuia zisihame. Mzee alifurahi kweli kweli hapa, akatoa patasi zake, ndiyo kazi aliyoijua. Wala hatukuchanganya madini: bolti ya stenlesi kwenye kipande cha bati la zinki, vyote vikilowa chumvi, zinki ndiyo inayotolewa kafara.

Migongo ya boriti yote tuliifunika kwa mkanda wa lile karatasi la lami, umezidi upana wa boriti kidogo kila upande. Ni kazi ya kuchosha na haionekani baadaye, lakini maji yote yanayopita kwenye mianya yanaangukia migongo hiyo, na kila skrubu ni tundu. Boriti ziko sentimita 40 kutoka moja hadi nyingine, skrubu mbili kila ubao unapovuka.

Kutoboa kwanza ilikuwa amri. Fundi wa jahazi hagongi msumari kwenye mti mkavu bila kupitisha keke, na msumari wenyewe huviringishwa pamba yenye mafuta ili maji yasifuate njia yake. Sisi tulitumia drili ya umeme, na kila skrubu ilisuguliwa kwenye mshumaa kabla ya kuingia. Stenlesi ni laini kuliko inavyoonekana. Ukiilazimisha inakatika kichwa, na msaji una silika inayomaliza makali ya keke haraka, nunua za akiba. Nati za stenlesi nazo hukazwa kwa spana, taratibu, na grisi. Ukitumia mashine, nati inajing'ata na bolti yake na hutaifungua tena mpaka ukate.

Mwanya kati ya ubao na ubao tuliupima kwa vipande vya nondo ya milimita 6: unaweka, unasukuma ubao, unafunga, unachomoa. Vichwa vya mbao vilivyokatwa tulivipaka nta ya kuyeyusha, kwa sababu mti hunywa maji zaidi kupitia kichwani kuliko ubavuni.

Juu sikupaka kitu. Jirani alishauri oili chafu ya gari, inayotumika sana kwenye nguzo za uzio. Inanuka, inashika nyayo, na mvua ikinyesha inateremka moja kwa moja kule wanakookota chaza. Vanishi inapendeza miezi michache, kisha jua linaichana na maji yanaingia chini ya ngozi yake yasitoke. Msaji ukiachwa unageuka kijivu, rangi ya ngalawa ya zamani, na huo ukijivu ni wa juu tu. Wageni wengine wanadhani tumeitelekeza. Waache.

Matunzo ni maji. Wakati wa kiangazi, kaskazi linapovuma na mvua hamna, tunavuta mpira kutoka kwenye tangi la maji ya mvua tunaosha juu kidogo na chini zaidi, mtu akiwa amechuchumaa. Kwenye bolti chache za upande wa bahari hujitokeza rangi ya chai. Brashi ya nailoni na maji zinaitoa. Usitumie brashi ya waya wa chuma, inaacha chembe zake na hizo ndizo zitakazoshika kutu.

Kilichobaki kilikuwa uzio. Wengine wanapitisha waya wa chuma, na viungo vyake ndivyo vinavyoanza kutiririsha kutu juu ya mbao safi. Mimi niko Tanga, mkoa wa mkonge. Nikanunua kamba nene ya mkonge, nikaipitisha kwenye matundu ya nguzo na kufunga fundo. Jua na unyevu vinaichosha, hilo nalijua. Ikianza kutoa nyuzi naishusha, napitisha nyingine, na ile kuukuu jirani anaichukua kufungia mbuzi.