Kuitikia: kitenzi cha uzi na cha moyo

Juma hili nimekuwa nikikichunguza kitenzi "kuitikia", baada ya kujiuliza ni kwa neno gani Mswahili anaweza kusema kwa pamoja kwamba ngoma imeutetemesha ukuta na kwamba imemgusa mtu aliye nyuma ya ukuta huo. Kitenzi "kuvuma" ndicho kilichonijia kwanza, lakini hakikunitosha. Upepo huvuma, ngoma huvuma, hata sifa za mtu huvuma. Hata hivyo kitenzi hicho chaeleza hali ya kile kitoacho sauti, wala hakimtaji anayeipokea. Kuitikia kunamdai mpokeaji. Aitwaye huitikia, maamuma huitikia "amin", na wimbo nao una kiitikio chake. (Itikadi haimo katika ukoo huu, ijapokuwa inafanana nao, hiyo imetoka katika Kiarabu.)

Katika udi wa taarab, ile ala ya nyuzi inayodonolewa, nyuzi nyingi hufungwa mbilimbili na kulinganishwa sauti. Ukiudonoa mmoja kwa uangalifu bila ya kuugusa mwenziwe, huo wa pili nao hutetema. Galileo, mwanasayansi wa Italia, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638: kila uzi una mwendo wake wa asili wa kutikisika, na misukumo midogo ya hewa inayofika kwa mwendo huohuo hujumlishana, kama pembea inavyopaa kwa kusukumwa kidogokidogo kwa wakati wake. Uzi uliolegea hauitikii. Hapa Mombasa ushahidi hupita barabarani kila siku ndani ya matatu: kioo cha dirisha hutulia muda wote wa wimbo, kisha besi ikigota kwenye sauti moja fulani, hicho kioo hulia.

Ningependa kusema kwamba moyo nao hutetema vivyo hivyo, lakini si kweli. Besi nzito huhisika kifuani, naam, ila msisimko wa wimbo hupitia njia nyingine, kwa kuwa sikio huugeuza mtikisiko kuwa ishara za neva, na yaliyobaki ni kazi ya ubongo. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, nchini Kanada, walionyesha kwamba mtu anaposisimkwa na muziki aupendao ubongo wake hutoa dopamini, kemikali inayohusika na hisia za raha, na kwamba sehemu mojawapo huanza kuitoa kabla ya kilele, wakati msikilizaji angali akikingojea. Kungojea huko kwahitaji mtu ambaye tayari ana kitu ndani yake, na hapo ndipo naona kitenzi hiki kinawafaa wote wawili, uzi na mtu, kwani kila mmoja huitikia kwa jinsi alivyolinganishwa kabla ya sauti kumfikia.

Ndiyo maana katika taarab ya arusi ubeti mmoja wa mafumbo humwinua mwanamke mmoja, akaenda kumtuza mwimbaji huku akimtupia jicho yule anayemkusudia, ilhali jirani yake, aliyeyasikia maneno yaleyale kutoka spika ileile, anaendelea kuulizia sambusa.