Tulivyotundika maonyesho ya wachoraji na wachongaji wa Syria, Dubai

Ukiandaa maonyesho ya pamoja ya wasanii wa Syria wa leo, jua kwamba mzigo hautoki mahali pamoja. Mmoja yuko Damascus, mwingine Beirut, mwingine Berlin au Paris, na wengine wapo Dubai penyewe. Kanvasi hii inakuja imeviringishwa kwenye bomba, ile imo ndani ya kreti, na jiwe limefungwa mikanda juu ya paleti. Ukumbi wetu ulikuwa godauni la Al Quoz, eneo la viwanda la Dubai: sakafu ya zege, kuta za jipsam. Kazi kubwa ilifanyika kabla ya kugonga msumari wowote.

Tulianza na karatasi. Azimio namba 2199 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Februari 2015, linakataza biashara ya mali za kale zilizotolewa Syria kinyume cha sheria tangu 15 Machi 2011. Kwa hiyo ofisa wa forodha akikuta neno "Syria" na maneno "kichwa, udongo wa kuchoma" kwenye mstari mmoja, ana kila sababu ya kuuzuia mzigo. Vibao vya udongo na bronzi vya Fadi Yazigi, mzaliwa wa Latakia mwaka 1966, vina sura za watu ambazo mtu asiyemfahamu anaweza kudhani zimefukuliwa juzi. Kila kazi tuliifanyia ukurasa wake: picha, jina la msanii na mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kazi, malighafi, vipimo, uzito, na sahihi ya msanii. Namba ya forodha nayo iwe ile ya kazi zisizozidi miaka 100. Tangu orodha ya kimataifa ya namba hizo ilipobadilishwa mwaka 2022, michoro ya aina hiyo ni 9701.91 na sanamu ni 9703.90. Na mbao za kreti ziwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu wa mbao: unaonyesha zimetibiwa, kwa mfano kwa kupashwa moto mpaka kiini kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30. Ubao mmoja usio na muhuri, uliopachikwa kuziba pengo, unatosha kurudisha kreti nzima.

Kreti zikifika, usizifungue. Joto la nje ya Dubai na ubaridi wa kiyoyozi vikikutana ghafla, maji hujitunga juu ya rangi na juu ya shaba. Tuliziacha ndani ya ukumbi saa 24, nyuzi 21, unyevu kati ya asilimia 45 na 55, ndipo tukashika bisibisi. Sanamu za mbao tuliziweka mbali na mdomo wa kiyoyozi, maana mbao ikikaushwa upande mmoja hupasuka kufuata nyuzi zake.

Kanvasi zilizoviringishwa ndizo zilizokula muda wetu. Anayeijua kazi huviringisha rangi ikiwa nje, kwenye bomba lenye kipenyo cha sentimita 15 au zaidi, na karatasi laini isiyonata katikati. Wengi, kwa haraka ya safari, huviringisha rangi ndani na bomba jembamba. Rangi nene hukunjamana na kuacha mistari. Ukikuta hivyo, usiikunjue kwa nguvu. Ilaze mezani, rangi ikitazama juu, iachie ijilegeze siku mbili katika joto la chumba. Akriliki ina ugonjwa wake: kwenye joto hulainika, na ile plastiki ya vipovu ikiigusa moja kwa moja huacha miduara isiyofutika.

Kisha unaiwamba upya. Hakikisha kwanza ulalo mmoja wa fremu ni sawa na mwingine. Tofauti ya milimita 5 tu itaonekana ukutani. Unene wa ubao uwe ule wa awali, kwa sababu ukitoa fremu ya sentimita 2 ukaweka ya 4, ukingo wa picha unahamia ubavuni. Anza na pini moja katikati ya kila upande, kisha nenda kwa zamu, upande huu na ule unaoukabili, pini kila sentimita 5, ukimalizia pembeni. Usivute mpaka ilie kama ngoma; rangi kavu haivutiki. Kabari za pembeni zigongwe kesho yake, kidogo kidogo.

Michoro ya mkaa ya Youssef Abdelke inataka kioo halisi, kile kisichoakisi. Plastiki ya akriliki hubeba umeme tuli, nao huinyonya vumbi ya mkaa kutoka kwenye karatasi. Mwanga wake usizidi luksi 50. Kanvasi zinastahimili 200. Ukipanga zote chini ya taa moja, ama unaiharibu karatasi ama kanvasi zinazama gizani, ndiyo maana karatasi zote tulizipa chumba chao. Safwan Dahoul tulimweka ukuta wa mbali: naye hupenda kijivu na nyeusi, na akikaa karibu na weusi wa Abdelke wote wawili hupungua nguvu. Isitoshe, Dahoul huziita kazi zake "Ndoto" na kuzipa namba tu. Kwenye orodha weka namba, vipimo na picha ndogo, la sivyo lebo zitabadilishana kuta.

Kimo: katikati ya picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni. Picha ya urefu wa 180, yenye waya unaofika sentimita 12 chini ya ukingo wa juu ukivutwa, ndoano yake inakaa 150 + 90 − 12, yaani 228. Jipsam peke yake haibebi. Nyuma yake tulitia plaiwudi ya milimita 18. Picha inayozidi mita moja na nusu kwa upana ipewe ndoano mbili.

Sanamu zinahitaji hesabu kabla ya misuli. Basalti, jiwe jeusi la kusini mwa Syria, ina karibu kilo 2,900 kwa mita ya ujazo: bonge la sentimita 40 × 40 × 60 ni kilo 280 hivi. Hilo haliwekwi juu ya kitako cha mbao, linakaa karibu na sakafu, na huletwa kwa winchi. Bronzi huwa na uwazi ndani, lakini ukuta wake wa milimita 5 bado ni kilo 44 kwa kila mita ya mraba. Umbo refu lenye nyayo ndogo lifungwe kwa boliti kutoka chini, na ndani ya kitako uingie mfuko wa mchanga wa kilo 40. Bronzi ishikwe kwa glovu za mpira. Za pamba huteleza, na jasho la mkono huchora alama kwenye nta iliyopakwa juu yake.

Lebo za Kiarabu zichapishwe mapema. Baadhi ya programu hutenganisha herufi na kuzigeuza mwelekeo, na asiyesoma Kiarabu hataona kosa. "Anaishi wapi" aulizwe msanii mwenyewe. Wengine hawataki iandikwe.

Kila kreti tupu iliandikwa namba ya kazi yake na kuhifadhiwa pamoja na sponji zake ndani ya ukumbi uleule wenye ubaridi, kwa ajili ya safari ya kurudi.