Kudropu, W, SAP na siku ya sensa: nilivyozielewa sheria za komyuniti koleji hapa Houston

Watu wengi wakiniuliza mambo ya shule huku wanauliza ada na viza tu basi, ila mi nataka niongelee kile kinachokutesa ukishaingia, yani zile sheria zao. Niko Houston, nasoma komyuniti koleji (chuo cha umma cha miaka miwili), nilikuja kwa grinkadi ya bahati nasibu, na Bongo nilishasoma chuo mwaka na nusu kwahiyo semista, GPA (wastani wa alama), hivyo vyote nilijua navijua. Sasa ukifika huku unakuta GPA ni ya juu ya 4 sio 5 kama vyuo vikuu vya kwetu, sapu (mtihani wa marudio) hakuna kabisa, ukipata F unairudia kozi nzima na hela unatoa upya, na habari ya kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli) ukaona namba yako imebandikwa ubaoni na wenzako wanakupa pole hiyo sahau. Huku unafungua potali yako mwenyewe kimyakimya unakuta msaada wa fedha umesimama. Hakuna anayekufuata kukueleza, wanahesabu kwamba ulisoma katalogi, yani kitabu cha kozi na sheria za koleji.

Basi mi nikaisoma hiyo katalogi. Ipo bure kwenye tovuti ya koleji, ndefu balaa, nikawa naifungua kazini usiku (nafanya kazi nyumba ya wazee, zamu ya usiku, ikifika saa nane wazee wamelala wote unabaki na kengele tu). Kila sheria niliyokutana nayo nilikuwa naiuliza ina tarehe gani na inagusa hela gani, kama haina tarehe wala hela naruka. Zikabaki chache sana, na hizo chache ndo zinaliza watu.

Nianze na namba za kozi maana zile sio za kubahatisha. Vyuo vya umma vya hapa Texas vingi vina mfumo mmoja, ENGL 1301, MATH 1314, BIOL 2401. Tarakimu ya kwanza inasema ni kozi ya mwaka wa ngapi, ya pili inasema ina krediti ngapi. Kwahiyo BIOL 2401, ile ya anatomia, ni ya mwaka wa pili na ina krediti 4. Krediti moja wanaihesabu kama saa moja ya darasani kwa wiki na masaa mawili ya kusoma mwenyewe, kwahiyo mtu mwenye krediti 13 kama nilivyokuwa mimi ni masaa 39 kwa wiki, na hapo labu sijaiongelea. Hiyo hesabu ndo niliyompelekea bosi wangu kumwomba anipunguzie zamu, nilimwandikia kwenye karatasi kabisa, akaelewa kuliko ningesema tu nasoma.

Silabasi sasa. Siku ya kwanza profesa anagawa silabasi, watu wanaitumbukiza kwenye begi, imeisha hiyo. Jamani ile ndo mkataba wenyewe. Ya BIOL 2401 niliikalia na kalamu, mitihani minne asilimia 50, labu 25, kwizi 10, fainali 15, halafu chini huko kwa maandishi madogo imeandikwa kwizi mbili utakazopata alama ndogo zaidi zinafutwa, lakini labu ukiikosa hakuna kufidia mpaka ulete uthibitisho ndani ya masaa 48. Unaona hapo? Kuna siku kazini walinibana nibaki zamu mbili mfululizo, nikajua kabisa naweza kuikosa kwizi ya asubuhi ila labu ya mchana niende hata nikiwa nasinzia. Na masaa ya ofisi yameandikwa humohumo, ule ni muda profesa amekaa anasubiri wanafunzi na mara nyingi hakuna anayekwenda. Sisi tumezoea kuitwa ofisini kwa lecturer ni soo, huku unaenda tu unamwambia sijaelewa hiki, anafurahi.

Haya tuje kwenye kudropu, yani kuitoa kozi uliyojisajili, maana hapa ndo penyewe. Kuna siku inaitwa siku ya sensa, ndo siku koleji inahesabu rasmi nani yuko kozi gani, kwa semista ndefu (ya vuli na ya machipuko) hapa Texas ni siku ya 12 ya masomo. Ukiitoa kozi kabla haijapita, inafutika, kwenye transkripti (karatasi ya matokeo yako yote) haionekani kama ulishawahi kuigusa. Ukiitoa baada ya hapo unapewa W, yani withdrawn, umejitoa. Ile W haiingii kwenye GPA, na ndo maana watu wanaiona haina neno, lakini inabaki kwenye transkripti na inahesabiwa kama kozi uliyojaribu hukumaliza. Hela nayo ina kalenda yake, ukitoa kozi kabla ya siku ya kwanza ya masomo unarudishiwa yote, ndani ya siku 15 za kwanza za masomo asilimia 70, siku ya 16 mpaka ya 20 asilimia 25, baada ya hapo hupati kitu. Na ni siku za masomo za koleji, sio siku wewe ulizohudhuria.

Juu ya hapo Texas wana sheria yao nyingine, mtu aliyeanza chuo cha umma kuanzia vuli ya 2007 haruhusiwi kudropu kozi zaidi ya sita maisha yake yote ya digrii ya kwanza, na hata ukihama chuo zinakufuata. Kuna sababu wanazokubali zisihesabiwe, ugonjwa, msiba, ratiba ya kazi kubadilika, ila uwe na karatasi. Nilivyomwambia mwenzangu mmoja wa kazini yeye alikuwa ameshatumia tatu kwa ajili tu mwalimu anaboa.

Sasa katikati ya semista biolojia ikawa inanielemea, nina alama 58, na somo la hesabu nalo halijakaa vizuri. Nikatoa karatasi. Kanuni inayoamua kama unaendelea kupewa msaada wa fedha inaitwa SAP (Satisfactory Academic Progress, maendeleo ya masomo ya kuridhisha), ina mambo matatu, GPA isishuke chini ya 2.0, uwe umemaliza kama asilimia 67 ya krediti zote ulizojaribu, na usizidishe asilimia 150 ya krediti za programu yako, yani digrii ya krediti 60 usijaribu zaidi ya 90. Mi nina 13. Nikiitoa biolojia ya 4 nabaki na 9, 9 kwa 13 ni asilimia 69. Napita, lakini kwa kuchubuka. Nikifeli na hesabu ya krediti 3 nabaki na 6 kwa 13, asilimia 46, hapo nimekwisha. Kwahiyo swali halikuwa niitoe biolojia au nisiitoe, swali lilikuwa nikiitoa je, nina uhakika na hesabu?

Nikaenda dirisha la msaada wa fedha na karatasi yangu mkononi. Na hapa nashauri, usiende kuuliza eti SAP ni nini, watakupa kipeperushi. Mi nilimuuliza yule mama, nikiiacha hii kozi leo SAP yangu itasomekaje, na Pell nitadaiwa? Akafungua kompyuta akaniambia itasoma 69, na Pell haiguswi kwasababu siku ya sensa imeshapita na madarasa nilikuwa nahudhuria. Pell kwa asiyejua ni ruzuku ya serikali kuu, sio mkopo, kwa mwaka wa masomo 2024-25 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395, ila uwe na krediti 12 kwenda juu kila semista, ukiwa na 9 unapata asilimia 75 ya stahili yako. Kwahiyo ningetoa kabla ya sensa W nisingepata lakini Pell ingekatwa, nikitoa baada W napata na Pell inabaki. Akaniongezea mwenyewe, ila usije ukaziacha kozi zote kabla asilimia 60 ya semista haijapita maana hapo hela nyingine inabidi irudi serikalini na deni linakuja kwako. Hilo peke yake lilitosha kulipia nauli yangu ya basi.

Nikaitoa biolojia, muda wote ule nikauhamishia kwenye hesabu, kila nikitoka kazini napitia kituo cha mafunzo ya ziada pale koleji (ni bure), nikatoka na B. Semista iliyofuata nikachukua krediti 12 biolojia ikiwemo nikazimaliza zote, ikawa 21 kwa 25, asilimia 84, presha ikashuka. Kuna watakaosema nilikimbia, sawa, lakini mimi nataka kuhamia chuo kikuu kusomea unesi na huko anatomia wanaiangalia kwa darubini, bora W moja kuliko D.

Kichekesho kilikuwa mjomba. Yuko Dallas, alinisaidia ada ya kiangazi, basi akapiga simu koleji moja kwa moja aulize maendeleo yangu, wakamkatalia. Akanipigia mimi amewaka. Shikamoo mjomba. "Marahaba, hebu nieleze, hivi anayelipa ni mimi au ni nani?" Nikamweleza kuna sheria ya 1974 inaitwa FERPA, mtu akishakuwa chuo rekodi zake za masomo ni zake, kwa kawaida hata mzazi haonyeshwi bila mwanafunzi kusaini. Hakuamini, alidhani nimewapanga. Nikasaini fomu ila kwa upande wa malipo tu, ya matokeo nikaacha kama ilivyo.

Mdogo wangu alipokuja naye kujiandikisha potali ikamgomea, ina alama ya holdi. Holdi ni kufuli tu, ukiibonyeza inakuambia imewekwa na ofisi gani, na hiyo ofisi ndo unaenda, usizunguke. Yake ilikuwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, Texas mwanafunzi mpya aliye chini ya miaka 22 lazima awe nayo. Alichanjwa, akapeleka karatasi, kufuli likatoka.

Na kwa mnaotaka kuhamia chuo kikuu baadaye, angalia sana herufi za digrii. Digrii za koleji za miaka miwili ziko aina tatu, AS (ya sayansi) na AA (ya sanaa) zimetengenezwa kwa ajili ya kuhama, AAS (ya sayansi ya vitendo) ni ya kwenda kazini moja kwa moja na kozi zake nyingi unaweza kufika chuo kikuu wasizipokee. Hapa Texas kuna krediti 42 za msingi ambazo ukizimaliza zote, chuo kikuu chochote cha umma cha jimbo kinazipokea kama fungu zima, kwahiyo mi advaiza (mshauri wangu wa masomo) nilimwambia tuanze na hizo. Ndani yake kuna 6 za historia ya Marekani na 6 za serikali, hukwepi hata kama unasomea kutibu meno. Nimebakiza GOVT 2306, serikali ya Texas, nimejisajili kwa semista ijayo. Katiba yao ni ya 1876 na imefanyiwa marekebisho zaidi ya mara 500, na ya kwetu ya 1977 sijawahi kuimaliza, ila hii nitaisoma yote maana ina krediti 3.