Vidole kumi

"Kwa hiyo, daktari, mtoto ni mzima?"

"Mama, mimi nitakueleza nilichokiona leo."

Tangu Jumanne mazungumzo hayo mafupi yamekataa kunitoka kichwani, na hata harusi ya mdogo wangu na barua ya uhamisho ya Baba Salma hazikufua dafu mbele yake. Nimeyarudia nikifua, nimeyarudia nikiwa kitandani, na jibu lile nimeliona mara la kukwepa, mara la uchovu, mara la mtu anayeficha jambo. Nilikuwa nikingoja "ndiyo" moja tu.

Mnaotufuata tangu zamani mnajua kwamba mimi na mwenzangu kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni yenye hitilafu, ya ule ugonjwa wa Meckel-Gruber, unaoharibu figo, kisogo na vidole vya mtoto akiwa bado tumboni, uliomchukua mwanetu Idi, na kwamba kila mimba yetu ina uwezekano wa asilimia 25 wa kurithi nakala zote mbili, yaani kuupata ugonjwa. Ndiyo sababu safari hii nimepimwa ultrasaundi katika wiki ya 12. Figo zikiwa mbovu, maji ya uzazi hupungua kadiri mimba inavyokua, na picha hufifia. Lakini mapema hivi maji hayo hayajaanza kutegemea sana mkojo wa mtoto, kwa hiyo huwa yanatosha kumwonyesha vizuri. Daktari alikagua mfupa wa kisogo kama umeziba, akatafuta figo, kisha akatulia akisubiri mkono ufunguke. Akahesabu vidole kimoja kimoja, kwa kuwa cha sita kingekuwa dalili. Mkono wa kushoto aliurudia, ingawa mimi nilikwisha kuridhika.

Jana usiku, nikikunja nguo, hasira iliniisha ghafla. Nilikumbuka kwamba kwa Idi "ndiyo" tuliipata, tena upesi, kutoka kwa mtu ambaye hakuhesabu chochote. Huyu wa sasa hakuona uvimbe kisogoni, wala figo zilizotanuka, wala kidole cha ziada, na hakutaka kuongeza neno juu ya hapo, maana ultrasaundi huonyesha umbo, haisomi jeni. La jeni litajibiwa na sampuli ya kondo la nyuma iliyopelekwa maabara. Nikajikuta nacheka peke yangu na mashati mkononi: vidole kumi!

Kinachoninyima usingizi sasa ni huo uhamisho. Salma yuko darasa la mtihani, na hakuna aliyemwambia bado.