Nusu ya Biashara, Nusu ya Madeni

Mwaka 2014 mwenye karakana niliyekuwa nikifanya naye biashara pale Uyole, Mbeya, alifilisika. Karakana ilikuwa yake, mtaji wake, hata jina la biashara alilisajili peke yake BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara. Mashine ndiyo ilikuwa yangu.

Mashine nyingi za kupukuchua mahindi za wakati ule zilivunja magunzi vipande vipande, vipande vikaziba chekeche, punje zikatoka na takataka. Mimi nilipanga meno ya ngoma yakizunguka mfano wa parafujo, na chini nikaweka wavu unaopanda na kushuka kwa bolti kulingana na unene wa mahindi. Gunzi likawa linatoka zima. Wakulima wa Mbozi walikuwa wakiokota magunzi yale na kuyageuzageuza mkononi bila kuamini.

Halafu bei ya mahindi ikaporomoka. Waliokopeshwa mashine hawakulipa, na benki ikaanza kudai mkopo wake.

Nyumbani kwetu mdogo wangu aliwaka. "Kaka, dai nusu! Bila mashine yako angeuza nini?" Nami moyoni nilikuwa upande wake. Nusu ilikuwa haki yangu, ndivyo nilivyoona.

Wakili niliyemwendea mjini alikuwa mama wa makamo. Alisoma mkataba wetu wa mkono, tuliousaini mbele ya balozi wa nyumba kumi: nilipwe kiasi fulani kwa kila mashine itakayouzwa.

"Mwanangu," akasema, "ukisimama mahakamani ukadai nusu ya biashara, benki itakushukuru. Wabia hubeba madeni kwa pamoja. Mmoja akishindwa, wanamfuata mwenzake hadi nyumbani kwake."

Mwili ulinisisimka. Nilikuwa na shamba na nyumba ya bati, basi.

Nikamuuliza kuhusu hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitengeneze uvumbuzi wake. Sheria inataka uvumbuzi uwe mpya, na mashine yangu ilikuwa imeshaonyeshwa Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, na kuuzwa misimu kadhaa, kwa hiyo haikuwa mpya tena. Michoro ilibaki yangu, kwa kuwa hakimiliki haisubiri usajili. Fedha za mashine zilizouzwa bila mimi kulipwa zilikuwa deni lisilo na dhamana. Benki ilishika hati ya karakana, kwa hiyo ilichukua chake kwanza. Kodi za serikali na mishahara ya vijana wa karakana navyo vilitangulia, ndipo sisi wengine tugawane kilichobaki kwa uwiano wa madeni yetu. La vijana sikulipinga hata kidogo. Msimu wa mavuno walichomelea hadi usiku wa manane.

Kulikuwa na kitu kingine: jigi la kupangia meno ya ngoma, nililolitengeneza kwa chuma nilichonunua mwenyewe. Bila hilo, meno hayakai kwenye mstari.

"Hilo hulidai kama deni, ni mali yako," mama akasema. "Kalitoe mchana kweupe, kwa barua na mashahidi, kabla amri ya mahakama haijatoka."

Nilikwenda na mwenyekiti wa mtaa. Shemeji alituletea chai, mikono inamtetemeka. Mumewe alisoma barua polepole, akasaini, kisha bila kuombwa akaandika kwa mkono wake orodha ya mashine zote ambazo sikulipwa. "Chukua, kaka. Jigi halijawahi kuwa langu." Nilimheshimu sana siku ile, na ninamheshimu bado. Vijana wake wenyewe ndio waliolibeba hadi kwenye gari.

Ile orodha niliiambatanisha na madai yangu kwa mfilisi, yule anayeuza mali za aliyefilisika na kuwagawia wanaomdai. Nilichopata baada ya mnada hakikutosha hata beringi za mashine moja, na mdogo wangu alininunia kwa muda mrefu. Jigi nililipeleka Mbalizi kwa fundi mwingine. Mkataba wa safari hii aliuandika yule mama wakili: malipo kwa kila mashine, muda wa ruhusa ya kuitengeneza, na kifungu kinachosema jigi na michoro vinarudi kwangu siku mwenye karakana atakaposhindwa kulipa madeni yake.